Wifi Katika Tovuti ya Maktaba

Wasomaji walimwita mkutubi yule Bi Shii, maana hata kiatu kikilia ukumbini alikitolea macho na kukinyamazisha. Vitabu alivijua kimoja kimoja, hata vile vilivyopoteza majalada. Kompyuta ndiyo hawakupatana nayo: yeye aliitazama kwa jicho la pembeni, nayo ilimzimikia kila alipoihitaji.

Asubuhi moja mkurugenzi, bwana mrefu mwenye tai fupi, akasimama mezani kwake.

"Bi Shii, maktaba inataka tovuti. Zana za kutengenezea ziko chungu nzima. Chagua moja, tuifungue Jumamosi."

"Mimi, bosi?"

"Kwani tuna mkutubi mwingine?"

Hajakaa sawa, simu ikalia, ujumbe umeingia. Mkurugenzi tena: "Nilisahau. Bila wifi hutafika popote. Tafuta wifi."

Miaka yote Bi Shii alisikia watu wakisema "waifai", ila neno lenyewe hakuwahi kuliona limeandikwa. Akaguna. Wifi alikuwa naye mmoja tu, dada wa mumewe, mpambaji wa kumbi, mwenye sauti ya kufukuzia kunguru. Lakini mkubwa akisema amesema. Akampigia.

Wifi akaja mbio, akavuta kiti. "Wifi yangu, ungeniita mapema! Onyesha hizo zana."

Ya kwanza ilikuwa ya kukokota: unashika picha, unaivuta mpaka unapoitaka. Bi Shii akaivuta picha ya jengo. Ikamponyoka, ikaning'inia pembeni kichwa chini kama popo. Ya pili ilitaka uandike maagizo mwenyewe, mabano juu ya mabano.

"Aliyebuni hii alikuwa anapiga chafya," wifi akaamua. "Lete nyingine."

Ya tatu ilikuwa na violezo vilivyokwisha tengenezwa. Kazi yako kujaza nafasi tu. Wifi akakiona kimoja chenye mawaridi yanayodondoka kutoka juu, akapiga makofi.

"Hiki hiki!"

"Mbona kina njiwa?"

"Njiwa ni amani. Maktaba si mahali pa amani?"

Bi Shii akaanza kujaza. Kiolezo kikauliza jina la kwanza. Akaweka la mkurugenzi, heshima kwa mkubwa. Kikauliza la pili. Akaweka lake, watu wajue pa kuuliza. Siku? Jumamosi. Mahali? Maktaba. Alipotaka kuipitia kazi yote kwanza, kidole cha wifi kilikuwa kimeshabofya "Chapisha" na "Sambaza kwa wote".

Jumamosi Bi Shii akashangaa kuona ukumbi umejaa watu wenye mavazi ya kung'aa. Bibi mmoja akamkumbatia. "Hongera, mwanangu. Hata ukichelewa, umefika."

"Nimefika wapi?"

Akaonyeshwa ile tovuti kwenye simu. Chini ya njiwa wawili palikuwa na jina la mkurugenzi, moyo mwekundu, kisha jina lake. "Furaha yetu haitakamilika bila wewe."

Papo hapo akaingia mumewe, amevaa suti, amebeba zawadi iliyofungwa vizuri.

"Nimeona nimealikwa," akasema kwa upole. "Nikabofya 'Nitahudhuria'. Nikauliza kama kuna chakula, sijajibiwa."

"Baba watoto, ni dada yako!"

"Dada yangu ndiye anaolewa?"

Wifi, aliyekuja kuiona kazi yake, akajificha nyuma ya kabati la kamusi. Mkurugenzi alipotokea, vigelegele vikampokea. Akarudi kinyumenyume mpaka akakalia pipa la taka. Ikabidi Bi Shii apande juu ya kiti aeleze kuwa hakuna ndoa, kuna tovuti. Wageni wakanung'unika, kisha wakaona wasirudi mikono mitupu. Wengi wakajiandikisha na kuazima vitabu. Mumewe akaondoka na cha kutengeneza mabomba. Zawadi Bi Shii aliifungua jioni: birika.

Jumatatu Bi Shii akaketi upya na zile zana, safari hii peke yake. Kila moja akaipima kwa maswali yake mwenyewe: msomaji ataweza kutafuta kitabu? Ataona saa za kufungua bila kuhangaika? Itasomeka kwenye simu ndogo? Akarudi kwa ile ya kukokota, akavuta taratibu, akakosea, akafuta, akavuta tena, mpaka jengo likasimama wima. Ukurasa ulikuwa mweupe, mkavu, lakini kila kitu kilipatikana.

Mumewe hakuwa na kinyongo. Mkurugenzi ndiye mpaka leo, akimwona mume huyo barabarani, huvuka upande wa pili.