Mkanda wa Punda wa Kazija

Mumewe Khamisi kazikwa juzijuzi tu hapo Kinjumbi, Kazija hata eda hajaizoea, na tayari shemeji yake Kibwana kaja kumchukua punda. "Nazi zangu zinaota huko shamba," alisema uani. Hakuomba. Pikipiki kule hazifiki, mchanga unameza tairi. Punda huyo ndiye angemlisha Kazija akishatoka eda, na Kibwana alilijua hilo vizuri sana.

Mjane wa eda hatoki nje, basi Kazija akachungulia kwenye upenyo wa makuti ya ua. Akamwona Kibwana anabwaga tandiko mgongoni, anavuta mkanda kama anafunga mzigo wa kuni, anapiga fundo, kwisha kazi.

"Shemeji," akaita, "mkanda umeupitisha katikati ya tumbo, utateleza. Usogeze mbele, karibu na miguu ya mbele. Halafu huyo akifungwa anajaza pumzi. Mtembeze kwanza, akishazishusha ukaze tena, ndiyo umpakie."

Kibwana akacheka. "Makubwa! Punda anishinde mimi ujanja? Wewe kalia eda yako."

"Ujanja anao. Kila asubuhi nilikuwa namfunga mimi, si marehemu."

"Marehemu asikusikie!"

Wifi yake Mwanaima, aliyejileta hapo kumfariji mjane na kumchunga asivunje mwiko, akamvuta kanga. "Sauti yako inafika barabarani, wifi. Watu watasemaje?"

Mikono ilimuwasha Kazija. Kukaza mkanda ule ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini Kazija alimjua Mwanaima: yeye angekanyaga nje tu, kabla ya adhuhuri Kinjumbi nzima ingeambiwa mke wa Khamisi hana haya. Maana mjane ndiye anayelindwa kwa macho kumi; mali ya marehemu inajiendea tu na yeyote mwenye mikono. Akarudi mkekani. Kwato zikapotea njiani.

Alasiri Kibwana akarudi peke yake, shati limejaa vumbi. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko wa korongo, tandiko liligeuka na makapu yake, likaning'inia chini ya tumbo. Punda akashtuka, akaruka, akaporomoka. Mguu ukavunjika. Yeye na wapita njia wakammaliza hukohuko.

"Punda mwenyewe mkorofi," alisema kutoka uani. "Na wewe shemeji, mtu yuko eda anapiga makelele asubuhi yote! Nuksi ingekosaje?"

"Mimi nilimkataza," Mwanaima akadakia.

Kazija akauliza, "Na nazi?"

"Nimeziokota zote, alhamdulillahi. Nimempa mtu azichunge."

Kazija akajifunika kanga uso mzima, mabega yakaanza kumtetemeka. Mwanaima akasogea, akampapasa mgongoni.

"Lia, wifi, lia. Khamisi alikuwa mtu mwema."