Kitambaa Mbele ya Rejeta

Fundi yule haangalii mshale wa joto. Hufungua kitambaa chake cha kichwa, hukiweka mbele ya rejeta injini ikiunguruma, na kusubiri feni ikivute. Landrova letu lilipochemsha kijijini kwake, tukiwa njiani kwenda kucheza fainali na timu yao, kitambaa kilianguka kwenye vumbi jekundu.

“Halipumui hili,” akasema.

“Si tuongeze maji tu, shangazi?” akauliza Delwyn, dereva wetu.

“Umeshaongeza mdomo, inatosha. Zima!”

Lilipopoa akapiga magoti, akachokoa mbegu za nyasi ya spinifeksi zilizoziba rejeta, kwa vidole vyenye makovu ya moto, huku akiimba kwa nguvu wimbo wa timu yao. Kisha akairushia maji kwa nguvu kutoka upande wa injini kuja nje. Sisi njia nzima tulikuwa tukiimwagia maji kwa mbele, tukizidi kuzishindilia ndani. Injini ikawashwa, na safari hii kitambaa kikang'ang'ania pale kama kimeshonewa.

Nikamuuliza kwa nini ametutengenezea vizuri hivyo.

Akajifunga kitambaa chake, fundo mbele. “Mkifungwa kesho, msije mkasingizia gari.”