Mstari Uliosogea Juu ya Valvu

Kuna mtu alikuwa akiizungusha injini yetu wakati gereji imefungwa.

Sikuhadithiwa. Niliziona alama zake kwa macho yangu, asubuhi baada ya asubuhi.

Ukisema natunga, sikulaumu. Nisome tu mpaka mwisho.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi mitambo. Likizo zangu zote huishia katika gereji ya baba, ambayo imeungana na nyumba yetu kwa mlango wa jikoni. Baba ni mjenzi wa injini. Mtaani wanamwita Mzee Unywele, kwa kuwa hakubali kosa hata la unene wa unywele mmoja.

Likizo ile tulikuwa na injini ya dizeli ya mjomba, kaka yake mama. Mjomba ana malori mawili, pacha kwa kila kitu. Injini ya lori la kwanza baba alikwisha kuijenga peke yake nikiwa chuoni, na lori lilikuwa barabarani likipiga kazi. Hii ilikuwa ya lori la pili.

Hedi yake, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, ilikuwa imepinda kwa joto kama ya ile injini ya kwanza, ikasagwa ili inyooke. Hedi ikisagwa hupungua kimo. Ikipungua, pushrodi, yaani zile fimbo nyembamba za chuma zinazosukuma roka, mkono mdogo wa chuma, ili roka nayo ibonyeze valvu, kizibo cha njia ya hewa, zinakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa. Lazima zikatwe nyingine, na kabla ya kukata lazima upime.

Unapaka wino kwenye ncha ya valvu. Unaweka fimbo ya kupimia, ambayo hurefuka na kufupika ukiizungusha kama skrubu. Kisha unaizungusha injini kwa spana, taratibu. Roka ikipita juu ya wino inaacha mstari. Mstari mwembamba katikati maana yake urefu ni sahihi. Mstari ukikimbilia ukingoni, roka inaisukuma valvu kwa ubavu, na valvu ya kusukumwa kwa ubavu haina maisha.

Jioni ile niliupata mstari katikati kabisa. Nikapaka wino mpya ili baba ahakiki kesho yake, nikafunga milango.

Asubuhi wino ulikuwa umeshakwanguliwa na roka.

Mstari mpya ulikuwa umeegea ukingo wa nje, na fimbo ya kupimia ilikuwa imerefushwa.

Nilimfuata kaka yangu, anayechomelea vyuma uani.

"Umeigusa injini kabla sijafungua gereji?"

"Mimi? Siku nikiamka mapema kiasi hicho mama ataita daktari."

"Basi ni nani?"

"Jini la gereji," alisema bila kuinua macho. "Na inaonekana limesomea."

Nilicheka. Nikapima upya, nikarudisha mstari katikati, nikapaka wino. Safari hii nilificha na spana chini ya turubai.

Asubuhi spana ilikuwa sakafuni. Mstari ulikuwa umesogea zaidi.

Hapo kicheko kilinikauka.

Naomba uelewe nilichokuwa nikikiogopa. Kosa la namna hii halipigi kelele. Ukishasawazisha nafasi za roka kwa skrubu zake, injini itawaka vizuri na itavuta mzigo vizuri, huku roka ikiila ncha ya valvu kidogo kidogo. Siku valvu inakatika na kudondokea ndani ya silinda, injini inakwama papo hapo. Usukani unakuwa jiwe. Pampu ya upepo wa breki inaacha kazi. Na mjomba kila wiki hushuka mteremko mrefu wenye kona, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili hewa tupu.

Mtu aliyekuwa akirefusha fimbo yangu alikuwa anamuua mjomba wangu polepole. Ndivyo nilivyoamini.

Nilimweleza baba akiwa anakunywa chai. Kikombe kilisimama njiani.

"Labda ulisahau kuirudisha," alisema.

"Sikusahau, baba."

"Watu husahau, mwanangu." Akanywa, akatazama pembeni.

Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, nilijibanza nyuma ya gia boksi kuukuu na rungu la kaka mkononi. Sina ujasiri wowote.

Mlango wa jikoni ulifunguka.

Miguu mitupu ilikuja moja kwa moja hadi kwenye injini, bila kupapasa, kama ya mtu anayepajua. Nikasikia spana ikikamata puli. Kisha sauti ikinong'ona.

"Moja. Mbili." Kimya. "Moja. Mbili. Tatu." Kimya kirefu. "Moja."

Niliijua sauti ile kabla ya akili kuikubali.

"Baba?"

Hakushtuka. Alibaki ameinamia hedi, fimbo ya kupimia kati ya vidole vyake, na mwanga wa dirishani ulimwonesha mzee kuliko nilivyomwacha jana.

"Fimbo nimeizungusha mara ngapi?" aliniuliza.

"Sijui, baba. Nilikuwa nasikiliza tu. Ulianza upya kila mara."

"Ndiyo." Akaiweka fimbo chini kwa uangalifu mkubwa. "Nahesabu, halafu sijui kama nimehesabu, kwa hiyo naongeza tena. Kila siku napata jibu jingine."

"Kwa nini hukusema? Hii injini tungeimaliza mimi na kaka."

Akanitazama kama mtu asiyeelewa nasema nini.

"Mwanangu, hii sina shida nayo. Hii ipo, wewe unaiona. Nataka kujua ile ya kwanza niliipa urefu gani."

Rungu lilinidondoka.

Alikuwa akitumia injini hii kuikumbuka ile nyingine. Ile aliyoijenga peke yake. Ile iliyokuwa barabarani.

Nilimpigia mjomba simu.

"Shikamoo mjomba. Uko wapi?"

"Marahaba, injinia. Niko hapa juu ya mteremko, nafunga turubai nianze kushuka."

"Usishuke. Injini inaweza kuwa na kasoro."

"Hii? Hii inaimba kama bibi harusi. Nimebeba nyanya, mwanangu, nyanya hazisubiri mitihani yenu ya chuo."

"Mjomba, nakuomba."

"Nitawapigia nikifika chini."

Nikasikia lori likiwashwa.

Baba alininyang'anya simu. Kaka alikuwa ameshaamka, amesimama mlangoni na mama, wanasikia kila kitu.

"Shemeji, zima gari," baba alisema. "Sina uhakika na kazi yangu."

"Wewe, Mzee Unywele?"

"Mimi. Kichwa kimeanza kuniacha. Sijui nilikupa nini humo ndani. Zima gari."

Ndani ya simu muungurumo uliendelea, ukaendelea, kisha ukakatika.

Mama alikaa chini pale pale mlangoni.

Tulimkuta mjomba juu ya jiwe kando ya barabara, amekasirika, nyanya zikipigwa jua. Kaka alifungua kifuniko cha roka. Nilizitazama ncha za valvu moja moja. Zote zilikuwa zimeliwa ukingo wa nje. Moja nilipoitikisa kwa kidole, ilicheza kama jino la mtoto.

Mjomba aliitazama. Akaugeukia mteremko, akautazama nao kwa muda. Kisha akaenda kumshika baba mkono.

Mimi nilikuwa nimemtafuta mwovu. Nilimkuta mzee anayeogopa kuliko mimi, na ambaye hakuna aliyewahi kumwachia nafasi ya kuogopa, kwa sababu sote tulilipenda lile jina lake la Unywele. Nakusihi, kama nyumbani kwenu yupo mtu ambaye hakosei kamwe, mpe ruhusa ya kukosea kabla hajaanza kujificha.

Baba hajaacha kazi. Sasa kila injini tunapima wawili, kila mmoja peke yake, na hakuna anayetaja jibu lake hadi mwenzake amalize. Majibu yakipishana, tunaanza upya.

Wiki iliyopita yalipishana.

Safari hii aliyekosea nilikuwa mimi.