Pleilisti si Foleni ya Nyimbo

Saa nane mchana ukumbi wa harusi umefurika, na Mama Santuri amekatazwa kufanya kazi yake. Juu ya mashine yake mwenyewe ya sauti anayoiendesha huu mwaka wa kumi na tisa imewekwa simu ya mpwa wa bwana harusi. Meneja wa ukumbi ameichomeka kwa mkono wake.

"Leo pleilisti inajiendesha, mama. Usiguse. Ikienda vizuri, Jumamosi pumzika nyumbani."

Pumzika! Ndilo neno la wenye kazi wanapoleta mashine. Waliwaambia wapokea simu, wakawaambia wachapaji, na wale wote wanapumzika mpaka leo pamoja na njaa zao. Mama Santuri hana mkataba. Akiukosa ukumbi huu, jiko la nyumbani kwake limezimika.

"Watu wanadhani pleilisti ni nyimbo zilizopanga foleni," ananong'ona, macho kwenye simu. "Hiyo ni orodha, kazi ya karani. Pleilisti ni kujua nani anaingia, nani kachoka, nani kafiwa. Mimi huanza kwa kuuliza pande zote mbili: wimbo gani usipigwe? Leo nimenyimwa hata kuuliza."

Mama wa bibi harusi anaingia akicheza, mashoga zake nyuma na vigelegele. Wimbo unaisha. Simu inaleta mwingine, mtamu, wa polepole.

Mama wa watu anaganda katikati ya sakafu. Kitambaa kinamdondoka.

"Huo si ndio wimbo tuliomzikia mumewe?" dada yake anapaza sauti. "Nani kauweka, jamani?"

Meneja anamtazama mpwa. Mpwa anatazama dari.

Mama Santuri anagusa. Haukati wimbo ghafla. Anaushusha kidogo kidogo huku akipandisha ngoma tupu chini yake, mpaka miguu ya mashoga inashtuka na wanamzunguka mwenzao. Mwenzao analia, lakini anatembea.

"Nilisema usiguse!" meneja anafoka.

"Ningemwacha asimame pale mpaka keki ikatwe, baba?"

"Ni bahati mbaya tu. Jumamosi simu inarudi. Wewe usije."

Mama Santuri anazungusha nyaya zake kiwikoni. Jumatatu anakutana na wapiga muziki wa kumbi nyingine tatu za jirani. Wanataka mikataba ya maandishi, wote kwa pamoja. Wenye kumbi wana viti, wana mapazia. Vyombo vya muziki hawajawahi kununua; vyote ni vya wapiga muziki.

"Simu ije, karibu sana," anasema. "Lakini ije na spika zake."