Chombo Kipya cha Rehema

Mimi, mzee wa kanisa, nimejiaibisha, na namshukuru Mungu kwamba bado mnanisalimia. Binti yangu Rehema, mwalimu hapa Babati, alikuwa chumbani akishangilia kwenye simu: “Nimepata chombo kipya cha kuchimba madini! Kinabeba tani mia!” Sikuuliza chochote. Kichwani niliona katapila la njano.

Jumapili nikasimama kanisani kwetu Bonga kutoa ushuhuda, nikamwomba mchungaji aje akiombee chombo hicho, kama tunavyoombea magari mapya. Vigelegele vikalia. Baada ya ibada tukaandamana hadi nyumbani, kwaya mbele ikiimba. Rehema akatoka mbio.

“Shikamooni. Kuna msiba?”

“Marahaba. Tuonyeshe chombo, mwanangu,” mchungaji akasema, chupa ya mafuta mkononi.

Rehema akanitazama, akaingia ndani, akarudi na kompyuta. “Labda hiki. Ni cha kwenye mchezo wa mtandaoni. Kinaruka angani, kinachimba mawe ya huko.”

Mchungaji akaifunga chupa taratibu.

“Mzee, ulitutolea ushuhuda. Uliona nini hasa?”

“Sikuona, mchungaji. Nilisikia sauti tu, tena kupitia ukutani.”