Siku Gari Lilipotukwamia Njia ya Garsen

Harufu ya petroli, ile inayong'ang'ania vidoleni hata ukiosha kwa sabuni, hunirudisha kwenye njia ya kutoka Idsowe kwenda Garsen, asubuhi moja ya masika, nikiwa darasa la tatu.

Baba alikuwa na gari la zamani, jeupe lililokwisha kugeuka rangi ya chai ya maziwa, nasi tulilipenda kama mtu wa nyumbani. Wiki ile lilikuwa linaumwa. Likisimama huku injini inanguruma, lilitetemeka hadi milango ikagongagonga, likakohoa, likazimika. Baba alisafisha kabureta, akabadilisha plagi zote, akalaumu mafuta. Halikupona.

Asubuhi hiyo hatukuwa na hiari. Mama alishikwa na uchungu, na mkunga alikuwa ameonya kwamba huyu azaliwe hospitali ya Garsen, si nyumbani, maana aliyemtangulia tulimzika siku ileile aliyozaliwa. Nikapakiwa nyuma pamoja na Mama, nimshike mkono.

Tulipofika katikati ya mashamba ya mpunga, hakuna nyumba karibu, gari likaanza kurukaruka, pa, pa, pa, kisha likashindwa kujitoa hata kwenye tope dogo. Baba akashuka, akafungua boneti. Nilimwona akishika hiki, akiacha, akishika kile, akirudia kile cha kwanza.

"Baba Hadija, wafanya nini?" Mama aliita.

"Natafuta."

"Watafuta nini? Nambie."

"Kuna plagi nne. Moja haichomi, ndiyo maana laruka. Sijui ni ipi."

"Utaijuaje?"

Baba akachungulia nyaya. "Nitaliwasha, nivue waya mmoja mmoja. Nikivua wa plagi nzima, injini itazidi kuyumba. Nikivua wa ile mbovu, haitajali."

"Basi fanya hivyo. Nambie kila unachoshika."

Akaja upande wetu, akamvua Mama kandambili moja mguuni bila hata kuomba ruhusa, akaikunja ili ashikie nyaya asipigwe na umeme. Mama akacheka, kicheko kikakatwa na uchungu, na vidole vyangu vikabanwa hadi machozi yakanitoka.

Akawasha, akarudi kwenye boneti. "Wa kwanza!" Injini ikalegea, nusura izime. "Huu mzima." Wa pili, vilevile. Alipovua wa tatu, injini iliendelea kukohoa kwa mwendo uleule, kana kwamba hakuna aliyeigusa.

"Mama Hadija, ni huu!"

Akaizima, akaufuata waya kwa kidole. Nyuma, pale ulipolalia chuma, mpira wake ulikuwa umetafunwa. Mafuriko yalikuwa yamewakimbizia panya juu kwetu, na mmoja wao alijipatia malazi kwenye joto la injini. Umeme ulikuwa unarukia kwenye chuma badala ya kufika kwenye plagi. Baba akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akauzungushia waya ule, akauinua usiguse chuma, akaufunga kwa kamba.

Alipowasha, injini ilinguruma taratibu kama cherehani, gari likajitoa topeni. Niliyaona mabega ya Mama yakishuka. "Alhamdulillahi," alisema, akaulegeza mkono wangu, damu ikaurudia.

Mdogo wangu alizaliwa kabla ya adhuhuri, analia kwa nguvu zake zote. Baba aliketi chini barazani pa hospitali akabubujikwa na machozi, grisi imemjaa usoni. Muuguzi mmoja akamletea maji, akamwambia pole sana, mzee. Baba akanywa yote, ndipo akamweleza kwamba si msiba, ni mtoto wa kiume.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mama alikuwa mpenzi wa magari. Nilipopata mimba yangu ya kwanza nikamuuliza, mbona siku ile, na maumivu yale, alitaka kujua habari za kila waya?

Akanitazama kwa mshangao. "Mimi na injini wapi na wapi? Nilimwona baba yako ashika hiki, aacha, hajui ashike lipi. Nikasema nimsemeshe tu, asije akamkumbuka yule tuliyemzika."

Kumbe mimi niliyeketishwa pale nimshike mkono nilidhani ni yeye anayesaidiwa. Siku nzima ile, hadi mtoto alipolia, Mama ndiye aliyekuwa amemshika Baba.