Kisamvu cha Mama Somoe

Nilipokuwa mtoto, nywele zilizotoka kichwani hazikutupwa ovyo. Ukichanwa, zinazobaki kwenye kitana zinakusanywa na kufukiwa, maana ndege akizijengea kiota utaumwa kichwa hadi upagawe, na mwenye kijicho akiziokota, ndiyo basi tena. Nililijua hilo kabla sijajua kuhesabu. Sasa nina wajukuu na bado nazifukia za kwangu, halafu najicheka.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa upande wa Mpapura, nyumba zimepangwa mistari, mashamba ya zamani yameachwa mbali. Mama alijifungua mdogo wangu mwaka huo huo, na bibi mzaa baba akaja kumwangalia mzazi. Alikuja kwa siku arobaini, akakaa zaidi ya nusu mwaka. Bibi alikuwa na sheria zake: anayenyonyesha hali kisamvu, hali kunde, hali mbaazi wala majani ya maboga, kwa sababu mtoto atapata chango. Mama akabaki na ugali wa muhogo na uji wa muhogo, na siku ya bahati kipande cha samaki mkavu.

Nywele zikaanza kung'oka. Kwanza kwenye kitana, kisha kwenye mkeka alipolala, mwisho ukimgusa tu utosini zinakuja mkononi. Watu walikuwa wakizisifia nywele za mama. Alilia, nami nilimwona. Alipokwenda zahanati, muuguzi alimfunua kope, akamwambia, "Huna damu, mama." Akamwagiza ale mboga za majani kila siku, ale kunde, mbaazi na korosho, na kwenye mboga akamulie ndimu. Mama akarudi akamweleza mama mkwe wake yote, neno kwa neno. Bibi alisikia moja tu, kwamba damu hakuna.

"Nani anamnyonya?" akauliza.

Habari ya mboga hakutaka hata kuisikia. Na mama hakuwa mtu wa kubishana na mama mkwe, hasa baba akiwa amekaa pale pale anatazama miguu yake.

Jirani yetu Mama Somoe alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, amevuka Ruvuma na binti yake kukimbia vita, uso umejaa chale, Kiswahili chake cha kubahatisha. Ndiye aliyekuwa akimsuka mama. Mama alimweleza ya zahanati. Kesho yake alitwanga kisamvu, akakipika na tui la korosho zilizovunjika, akatuma tuitwe, mama akasukwe. Tukawa tunakwenda karibu kila alasiri, mtoto nimembeba mimi mgongoni. Leo kisamvu, kesho kunde, siku nyingine majani ya maboga na ufuta. Mama alikula kama aliyefunguliwa kifungoni, na mtoto hakupata chango wala nini, alinenepa. Kichwa hakikuguswa. Angesukwa nini, na nywele zimekwisha? Tukitoka, mama alijifunga kilemba chake vizuri, akaniambia bibi asijue, na mimi nikaitika.

Bibi hakuwa mjinga. Aliona mkwewe anakwenda kusukwa kila siku, na kichwani hakuoti kitu. Siku moja alinikalisha jikoni, akanipa muhogo wa kuchoma, akaniuliza tunafanya nini kule. Nikasema mama anasukwa. Akauliza, nywele za kwenye kitana anazifukia nani? Hapo nikakwama. Kusema hakuna kitana ni kusema tunakula.

"Anabaki nazo Mama Somoe," nikajibu.

Nilijiona mjanja. Nilikuwa nimemwokoa mama, nikaendelea na muhogo wangu. Bibi akasema kikulacho ki nguoni mwako, akajitanda kanga, akatoka.

Wiki haikuisha, kijiji kizima kikawa kinasema Mama Somoe anamroga mama. Kwetu aliyeshukiwa uchawi alinyolewa. Mganga anakuja, anamnyoa kichwa kizima, anampaka dawa, na uchawi wake umekwisha. Anayekataa amekiri. Na Mama Somoe akikataa angefukuzwa kijijini, arudi ng'ambo na mwanawe, kwenye risasi.

Walimnyoa asubuhi, uwanja wa mkutano, watu wote wapo. Nilikuwa nimeshika kanga ya mama, nangoja aseme. Mganga akamwuliza Mama Somoe nywele za mwenzake kaziweka wapi. Yeye akatutazama, si kwa muda mrefu, akasema hana la kusema, anyolewe tu. Akainamisha kichwa. Nilikuwa na miaka tisa na kinywa changu kizima, na sikusema kitu. Niliona aibu.

Baada ya muda nywele za mama zikaanza kuota, fupi, laini kama za mtoto. Bibi alimvua kilemba mbele ya wageni ili waone dawa ya mganga ilivyofanya kazi. Nani angebisha? Kisha bibi akarudi kwake, ameridhika. Na vita vilipokwisha, Mama Somoe alivuka mto na binti yake, hatukumwona tena.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mama kimoyomoyo. Juzi juzi, nikimchana mvi zake, nikamwuliza kwa nini hakusema. Hakuzunguka. Alisema angepewa talaka kwa kumdharau mama mkwe, na sisi wawili tungebaki kwa baba. Nikadhani amemaliza. Kumbe jioni ya siku ile alikwenda kwa Mama Somoe kumwomba radhi. Alimkuta kwenye kinu, kichwa kimepakwa dawa, anatwanga kisamvu.

"Akaniambia, 'Za kwangu zitaota tu. Wewe kaa ule.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikala," mama akasema. "Nikala, mwanangu, nikamaliza chungu."

Kijijini wapo ambao mpaka leo wanasema ule wembe ndio uliomponya mama. Zamani niliwaacha waseme. Siku hizi nawaambia kwamba mama alipona kwa chakula cha mwanamke yule, na kinywa kilichompeleka kwenye wembe kilikuwa changu.